Goti la Kocha Brusadin

Mcheza kwao hutunzwa.
Ottavio Brusadin alicheza kwao, Udine,
akatunzwa skrubu tatu gotini.

Sasa ni kocha wa timu ya akiba hapa Grimsby,
ligi ambayo mbwa huingia uwanjani
na mechi husimama kumngoja mwenye mbwa.

Mimi hufua jezi. Humwona dirishani
akipanga vikombe vya chai mezani:
chenye ufa ndiye beki wa kushoto.

"Mvua saa tisa," husema, akipapasa goti.
Redio inabisha.
Saa tisa na robo, mvua.

Jumamosi tulifungwa manne.
Alibaki peke yake katikati ya uwanja
akipiga danadana,
moja, mbili, kumi na tisa,
kisha akatazama huku na huku
kama mtoto aliyedokoa sukari.

Nilizima taa ya chumba cha kufulia,
asijue nimehesabu.