Misumari Miwili

Aliniomba misumari miwili na betri ya redio.
Nikadhani anatundika picha.
Salha akaipigilia ukutani, nyuma ya kitanda cha Haruni,
inchi moja kati yake, kama meno ya panya,
akaunga nyaya, akaazima mita ya shule,
akaandika namba kwenye daftari la bei rahisi.
"Ukuta unasema, mama. Ukilowa unapitisha umeme."
Nikamwambia: basi uambie nao uchangie kodi.

Oldham, Novemba. Mvua ya huku haina haraka,
haipigi bati, haishtui mtu,
inaingia tu, kama mgeni asiyebisha hodi.
Kuvu nyeusi ilikwisha chora ramani juu ya mto wa Haruni.

Tulimwandikia mwenye nyumba. Akajibu vizuri,
karatasi nene, nembo ya bluu:
mnapika sana, mnaanika nguo ndani,
mnapumua. Fungueni madirisha.
Niliisoma mara tatu
nikitafuta namna ya kupunguza kupumua.

Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta.
Wahenga hawakuwa wapangaji.

Sasa sikia alichofanya mtoto wa miaka kumi na mitatu.
Ghorofa ya juu, namba kumi na tisa, hakai mtu tangu Machi.
Hakuna sufuria, hakuna kamba ya nguo, hakuna kifua.
Akambembeleza mshika funguo, mzee Wilf, kwa sambusa zangu,
wiki sita, kila Jumanne, dakika kumi,
misumari mingine miwili, ukuta uleule wa kaskazini.
Namba zikaja ndugu wa tumbo moja.
Chumba kisichopumuliwa na mtu
kilikuwa kinalia sawa na chetu.

Siku ya mashindano ukumbi wa michezo ulinuka siki na gundi.
Kushoto volkano, ikitapika kila robo saa.
Kulia roboti ya wavulana wawili wa Rochdale, inachambua soksi kwa rangi.
Meza ya Salha: kipande cha plasta, mistari miwili ya kalamu,
mmoja mwekundu, mmoja wa kijani,
imepandana kama mtu na kivuli chake saa sita.
Mimi nimetoka zamu ya usiku, dobi ya hospitali,
mikono inanuka klorini,
nimejibanza nyuma ya roboti nisimwaibishe.

Jaji, Bi Entwistle, aliinama akasoma daftari
ukurasa kwa ukurasa, hata ule wenye doa la chai.
"Ukirudia jaribio hili, utabadilisha nini?"
Salha akafikiri. Akafikiri mpaka volkano ikatapika tena.
"Nitaanza Septemba," akasema.
"Kabla mdogo wangu hajaanza kukohoa."

Roboti ilishinda. Haki yake, hata mimi niliipa soksi.
Salha akapata cheti cha kushiriki,
jina limeandikwa Sahla.

Nakala ya daftari nimeipeleka baraza la mji, kwa rejista.
Wamejibu kwamba wamepokea. Hilo nalo neno.

Cheti tumekitundika kwenye misumari ileile.
Kufikia Ijumaa pembe ya chini imeanza kujikunja,
wino wa jina unavuja taratibu
kama unaotaka kujisahihisha.
Nikanyoosha mkono nikishushe.
"Kiache, mama,"
akafungua daftari,
akaandika tarehe, na saa.