Dakika Kumi na Tisa

Ujumbe uliingia kwenye simu saa nne usiku,
wenye adabu ya kupita kiasi:
Mteja wetu mpendwa.
Sijawahi kuwa mteja wao. Niliegesha tu.
Gari liliingia saa tatu na dakika nne,
likatoka saa tano na dakika ishirini na tatu.
Saa mbili ni za bure.
Hizo kumi na tisa zilizozidi
ni shilingi elfu mbili na mia tano,
ukilipa ndani ya siku kumi na nne.
Ukichelewa, elfu tano.
Ukitaka kukata rufaa, karibu sana, tutakusikiliza;
ukishindwa, nafuu imekufa,
elfu tano.

Mimi nashika vitabu vya hesabu
katika duka la nati na bolti, Barabara ya Kirinyaga.
Nimegawanya, siwezi kujizuia:
mia moja thelathini na moja na senti hamsini na nane
kwa kila dakika.
Kwa bei hiyo usingizi wangu wa usiku mmoja
ungelipa karo ya muhula, na chenji ikabaki.
Lakini sijalala.

Ukweli wenyewe ni mfupi.
Shangazi Nzilani alitolewa mtoto wa jicho,
kliniki ya Parklands, ghorofa ya nne.
Tulipomaliza, lifti imefungwa kamba.
Tukashuka kwa miguu, jicho moja limefunikwa,
la pili halijawahi kuwa la kutegemewa,
mkono wake begani mwangu,
na kila ngazi akaihesabu kwa sauti
kana kwamba kipofu ni mimi.
Ya arubaini akaikalia, akaomba maji,
akanisimulia habari za mbuzi aliyeuzwa kabla sijazaliwa.
Zilikuwa sabini na mbili.

Shemeji Kilonzi anasema: lipa, ulale.
Watakaokusikiliza ndio waliokutoza;
kesi ya nyani unampelekea ngedere?
Binti yangu Mumbe anasema: hata ndururu!
Hawa si kanju, si polisi,
na bango lao limeandikwa kwa herufi za sisimizi.
Nami nimesoma sharti la mwisho:
rufaa hupelekwa kwa mkono,
ofisini kwao Westlands, siku za kazi,
na maegesho ya pale chini
ni yao pia.

Usiku wa tisa nikaandika.
Niliandika vizuri, hadi nikajiogopa.
*Nilipotaka kuliondoa gari kabla ya saa mbili kuisha,
mlinzi wenu, Bwana Wekhulo, aliniambia:
Mama, rudi kwa mgonjwa wako, hapa hakuna neno.*
Hiyo ndiyo hoja. Wakili angeibusu.

Wekhulo. Jina limeshonwa kifuani kwa uzi mwekundu,
si uzi wa kampuni, ni wake.
Alitufungulia mwavuli wakati jua liko kali,
akamfunika Shangazi hadi mlangoni mwa gari,
akakataa hamsini yangu.

Nikafuta jina. Nikaandika: *mlinzi mmoja.*
Nikakumbuka kwamba lango ni moja
na mlinzi wa asubuhi ni huyo huyo mmoja.
Nikafuta na mlinzi.

Sasa barua imebaki na lifti,
na jicho, na ngazi sabini na mbili.
Nyepesi, ukiipuliza inaruka.
Pesa ziko kwenye simu; nimebonyeza namba yao mara mbili,
mara mbili nikaishia penye neno la siri.

Jumapili Shangazi amekuja na jicho lake jipya.
Anasoma kila kitu: pakiti ya majani ya chai,
kalenda ya duka la dawa, fulana ya mjukuu.
Akaikuta barua mezani,
akaisogeza mbali, akaivuta karibu,
akaisoma yote, midomo ikitembea.
Nikangoja aniambie nilipe au nisilipe.

"Umekosea," akasema.
"Zilikuwa sabini na moja.
Ile ya mwisho ilikuwa ni lami."

Nimesahihisha.
Kesho, gari nitaliacha nyumbani.