Nimehudhuria, Sijakubali

Walituita Chwele, ukumbi wa soko, saa tatu.
Gari la kaunti likafika saa tano
na rasimu ya ushuru: kurasa themanini na nne,
watu mia mbili, nakala sita.
"Someni kwa zamu," akasema karani.

Nakala moja ikatuangukia sisi wa vitunguu.
Nasambu akasoma kwa sauti kifungu cha kumi na tisa,
ushuru kwa kila gunia,
na Wepukhulu wa wachukuzi akauliza:
Gunia lipi? La kilo tisini,
au hii lumbesa yetu inayonivunja mgongo,
iliyovishwa wavu kichwani kama bibi harusi?
Ikaandikwa: swali limepokelewa.

Wenye malori walikuja na wakili.
Wakili alikuja na barua, barua ikaja na muhuri,
na muhuri ukapewa kiti cha mbele.
Sisi tulikuja na koo zetu za kunadia.

Soda zikaja. Kisha orodha:
jina, kitambulisho, simu, sahihi.
Tukatia sahihi. Nani hukataa kusema yupo?

Miezi miwili baadaye sheria ikatoka,
na mwishoni majina yetu
chini ya kichwa: WADAU WALIOUNGA MKONO.
Nilijiona mstari wa arobaini na moja,
mwandiko wangu mwenyewe, wino haujapauka.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikihesabu:
akina mama wa nyanya wasiowapenda wachukuzi,
wachukuzi wasiowapenda akina mama wa nyanya,
sisi wa vitunguu tusiompenda mtu.
Tulikwenda mmoja mmoja tukidhani ni umati.

Juzi wametuita tena: maji na vyoo vya soko.
Safari hii tulitangulia kukutana wenyewe, ghalani,
tukagombana hadi saa nne usiku,
nani atasema, nani atanyamaza,
na kama choo cha wanawake kitangulie bomba.
Kikatangulia, kwa kura tatu.
Wepukhulu alinuna, lakini alibaki.

Orodha ilipofika, Nasambu alikuwa wa kwanza.
Jina, namba, sahihi,
kisha pembeni, pasipo na safu:
*Nimehudhuria. Sijakubali.*
Karani akasema hapo hapaandikwi.
Nasambu akampokeza Wepukhulu kalamu.

Wepukhulu, maisha yake yote, hutia dole gumba.
Akautazama wino. Akaomba kiti,
akauliza maneno hayo yana herufi ngapi,
na foleni yote ikamngoja
aikamilishe N.