Pazia

Zahanati ya Isongole ina vitanda viwili
na kati yake hakuna kitu.
Pazia tuliliomba kwa barua, mwaka juzi.

Subilaga yuko cha dirishani, njia sentimita sita.
Cha mlangoni, mama mkwe wake:
presha juu, masikio mazima.

Kipimo kimo mfukoni mwangu. Mistari miwili.
Ningemwandikia; hajui kusoma.
Kiapo nilichokula Tukuyu, mshumaa mkononi,
kilitaja siri. Hakikutaja ukuta.

Basi nangoja mvua.
Rungwe haina choyo nayo.
Inapomwaga mahindi juu ya bati
nainama sikioni, naanza:
“Mwanangu, dawa zipo, mtoto atakuwa—”

Inakatika.

Mama mkwe anageuza shingo.
“Atakuwa nini, nesi?”