Tochi ya Makoroboi

Niliinunua Makoroboi, mtaa uliorithi jina
la vile vitaa vya bati vyenye moshi kuliko mwanga.
Ndogo, kama kidole gumba cha mvuvi.
"Lakini ukiimulika Bugando kutoka hapa," akaapa muuzaji,
"daktari wa zamu atatoka kukuuliza unaumwa nini."
Nikacheka. Nikalipa bila kupatana.
Mtu mzima, ndevu zina mvi,
nikaenda zangu na mkono mfukoni
kama bwana harusi anayelinda pete.

Usiku huohuo umeme ukakatika Mabatini.
Nikasema, leo ndiyo leo.
Nilitaka tundu la kufuli tu, wallahi.
Mwanga ukaliruka kufuli, ukauruka ukuta,
ukapanda mlima jiwe kwa jiwe
hadi nyumba ya juu kabisa
ambako Mzee Bugumba alikuwa anaoga nje,
povu hadi masikioni,
akiamini giza ni mlango.
Akasimama wima, kopo kifuani.
Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo,
nikamwamkia: "Shikamoo!"
Mtaa mzima ukaitikia marahaba kabla yake.

Kisha matanga ya Igogo.
Kandambili yangu imezama kati ya kandambili mia.
Nikainama. Nikabonyeza.
Shemeji Lugata, aliyenipigia simu mchana akikohoa,
"Niko Geita, deni lako mwezi ukiandama,"
yuko hatua tatu kutoka puani kwangu,
shavu limevimba kwa nyama.
Nyuma yake vijana waliojitolea kukesha kwa sala
wana karata mikononi na rundo la mia tano tano.
"Polisi!" akapayuka mmoja,
na nusu ya msiba ikaruka uzio wa minyaa.
Nami nikakimbia, maana polisi ni polisi,
tochi inawaka mkononi,
kwa hiyo polisi hao hawakuacha kuwafukuza
mpaka relini.

Ya Nyegezi sipendi kuisimulia.

Basi, tulikwenda kumposea mpwa wangu Shija.
Mimi ndiye msemaji, nimevaa kaunda suti.
Tumebishana tangu asubuhi, tumesimama kwenye ng'ombe tisa,
kimya kile cha watu wanaohesabu kwa macho,
nikakaa vibaya.
Suruali ikawaka kama karabai.
Bibi wa binti, Nyanzobe, akasogeza kigoda:
"Mjomba, huko kwenu mwezi huchomozea hapo?"
Nikajikaza. Msemaji hashiki mifuko mbele ya wakwe.
Lakini paja lilianza kunuka sangara wa kubanika,
na mwili una mipaka yake,
nikaruka.
"Ameruka kwa furaha! Amekubali!" upande wa pili ukapiga vigelegele,
na karani wao akaandika kumi na mbili.
Ng'ombe watatu kwa mruko mmoja.

Mke wangu alinipaka asali kwenye lengelenge, akapuliza.
"Baba Kwandu," akasema,
"hiyo tochi haioneshi njia. Inaonesha watu."

Nikaipeleka mahali pasipo na watu, ufukwe wa Igombe,
usiku usio na mwezi.
Mbali majini taa za wavuvi wa dagaa
zilitulia kama mji mwingine.
Nilitaka kujua tu ziwa linaishia wapi.
Mwanga ukalala juu ya maji,
na maji yakaanza kuchemka miguuni pangu:
dagaa, maelfu, wameacha taa za wenyewe
wamekuja kwangu, mtu nisiye na wavu
wala ndoo.
Wadudu wa ziwani wakanijaa mdomoni kabla sijashangaa,
na kutoka gizani nikapokea matusi
kwa Kijita, kwa Kikerewe, kwa Kisukuma.
Niliyaelewa yote.

Asubuhi nikarudi kwa yule muuzaji.
"Nipe koroboi," nikamwambia. "La bati. La utambi."
Akanitazama kama niliyeomba ndege ya karatasi ya kwendea Ukerewe.
"Koroboi, mzee? Makoroboi?"
Akafungua droo, akatoa nyingine,
ndogo zaidi, kali zaidi,
ina kifuniko, haijiwashi mfukoni.

Safari hii nilipatana.