Watoto Wawili

Wasifu ulisomwa uani, Newala, jua la saa nne:
"Marehemu Esha binti Likwata
ameacha watoto wawili."
Karatasi ikakunjwa.
Hakuna aliyebisha. Ni Somoe tu,
yule aliyeletwa na ustawi wa jamii kwa pikipiki,
kovu la moto shingoni,
aliyekohoa.

Mimi nililetwa siku ya mvua, mguu mmoja na kandambili.
Hakuniuliza jina.
Aliuliza, "Umekula?"
kisha akamgeukia Mshamu, mwanawe wa kumzaa:
"Sogea."
Mshamu alisogea miaka kumi na mitatu.

Maji tulinunua kwa ndoo.
Alibangua korosho za watu
hadi mafuta ya ganda yakamla vidole,
na siku ya vitambulisho mashine ikamkataa.
"Mama, huna alama."
Akajifuta kwenye kanga, akacheka:
"Basi andika nimepita."

Alikuwa mkali, nisidanganye.
Kwa fimbo ya mpera alinifundisha jedwali la saba.
Lakini usiku, nikijikojolea,
aligeuza godoro bila kuwasha taa,
wenzangu wasijue.

Tulipotoka makaburini hatukusemezana.
Usiku, wageni walipokwisha,
Mshamu alisonga ugali wa muhogo,
akatoa sahani kumi na moja
akazipanga mkekani pasipo kuhesabu,
yake ikawa ya mwisho, kando, karibu na mlango.

Tukasimama pale kama wageni.
"Sogeeni," akasema.