Chupa ya Kabichi

Miaka miwili nilipika Madimba,
kambi ya gesi, jiko la feni nne
na kisu kimoja tu kinachokata.
Watu sitini, na kila mtu alikuja
na njaa ya kwao.

Torbi (jina lake lilikuwa refu kuliko hapo,
ulimi wangu ukakomea njiani)
alitaka viazi. Vya kuchemsha, chumvi kidogo,
jioni kwa jioni, kama mgonjwa.
Nikimwekea tui la nazi analisukuma pembeni
kwa ncha ya uma, polepole, kwa adabu,
kama anayemtoa siafu bila kumuua.

Rodelio, mchomelea vyuma, alikula wali na siki.
Siki! Juu ya kuku, juu ya samaki, juu ya yai.
Akimaliza anashika simu,
anamwonyesha mwanawe sahani tupu,
na mtoto huko, kwao usiku wa manane,
anapiga makofi.

Mimi chakula cha kambi kilinishinda.
Si kwamba kibaya, nilikipika mwenyewe.
Ila saa nne usiku, sufuria zikishafudikizwa,
nilikaa juu ya kreti la soda nyuma ya jiko,
nikafungua pindo la kanga, nikamenya ming'oko:
vidole vyembamba vya porini,
vimechemshwa Nanyamba asubuhi,
vina mchanga kidogo hata uvioshe vipi,
na chumvi na pilipili
ndani ya karatasi ya daftari la hesabu.

Hapo ndipo Bwana Noo aliponikuta.
Fundi wa pampu, Mkorea, mchache wa maneno.
Akanyoosha mkono. Nikampa mmoja.
Akautafuna na ganda lake, nikamwacha,
akatema nyuzi, akatazama giza,
akasema, "Udongo."
Mpaka leo sijui kama alisifu.

Lakini wiki iliyofuata akaja na kabichi tatu kwapani.
Akataka chumvi, tangawizi, pilipili zetu zile ndogo,
akataka dagaa wa kusaga,
maana wa kwao sokoni Mtwara hawapo.
Akapaka jani kwa jani
kama mtu anayempaka mtoto mafuta,
akashindilia chupani, akaandika tarehe,
akaificha kivulini nyuma ya tangi la maji.
"Usifungue." Na vidole vyote kumi.

Siku ya saba mkataba wao ukaisha.
Magari matatu meupe, vumbi, basi.
Hakuaga.
Au aliaga, mikono yangu ikiwa kwenye unga.

Chupa nikaipakata hadi Tandahimba.
Kila shimo la barabara ililia, fii,
jirani yangu kwenye kiti akasogea.

Mama akainusa.
"Mwanangu, mshahara wamekulipa uozo?"
Nikamwambia: na uraka je?
Mabibo ukiyakamua, ukayalaza mtungini,
asubuhi yanachemka yenyewe bila kuni.
Anayeyachemsha ni nani?
Akanyamaza.
Akamega tonge la ugali wa makopa,
akalichovya pembeni, kwenye mchuzi mwekundu,
akafumba jicho moja.
"Kali," akasema.
Akachovya tena.

Iliisha kabla ya mvua.

Nimejaribu kuitengeneza mwenyewe.
Ya kwanza ilioza, uozo wa kweli,
hata funza walifika.
Ya pili nilizidisha pilipili,
Mama Chitanda akakohoa ng'ambo ya ukuta
akatuma mtoto aulize tunafukiza nini.
Ya tatu nimeipaka leo, jani kwa jani,
dagaa nimewasaga kinuni,
tarehe nimeiandika kwa mkaa.

Nimemwambia mama: siku kumi.
Tangu adhuhuri amepita pale kivulini mara nne,
anainama, anachungulia,
anasema anamtafuta jogoo.

Hatuna jogoo.
Tulimla msimu wa korosho.